Pete za Fedha Mtutuni

Risasi ya kwanza ilikuwa nzuri kila siku, na hilo ndilo lililokuwa likimtia Yaqdhan wazimu. Angekuwa hajui kulenga kabisa, angejijua, angerudi zake nyumbani Ansab akakaa na mwanawe. Lakini ya kwanza inaingia katikati ya duara jeusi, safi. Ya pili inapanda kidogo. Ya tatu inapanda na kuvutika kulia. Ya tano inatoka kabisa, inakwenda kutoboa ubao unaoshikilia karatasi. Hii ilikuwa wiki ya tatu ya mazoezi, na kila Ijumaa na kila Jumamosi asubuhi mambo yalikuwa yale yale.

"Ndugu yangu," alisema Hatem, akiondoa jicho kwenye darubini, "mimi nimeshasema toka siku ya kwanza. Silaha umeivalisha kama bibi harusi, halafu unaituma shamba ikalime."

Hatem ndiye aliyekuwa akifundisha watu shabaha katika kiwanja kile, nje ya mji, chini ya majabali makavu. Alizaliwa Bujumbura, akaja Oman kijana, akatumikia jeshi mpaka akastaafu na usajenti wake. Kiswahili chake cha bara kilimchekesha Yaqdhan, na cha Yaqdhan cha Kiunguja kilimchekesha yeye, wakawa marafiki kwa njia hiyo.

"Hebu shika hapa," Hatem akaendelea, akauchukua mkono wa Yaqdhan na kuuweka juu ya bunduki. Ilikuwa ya moto kama sufuria. "Chuma kikipata joto kinataka kujinyoosha. Na wewe umekifunga pete saba, mtutu na mbao pamoja. Kitajinyoosha kwenda wapi? Kinajipinda. Kidogo tu, kama unywele. Lakini unywele hapa, kule mita mia unakuwa kiganja. Nenda kwa sonara, azifungue. Nusu saa."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kumwambia mama."

Hatem akamtazama, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, mwenye ndevu na mtoto, mwenye kiti chake na muhuri wake katika ofisi ya wizara kule Al Khuwair. Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Basi huyo kulungu unayetaka kwenda kumwinda, mwambie akusamehe."

Bunduki ilikuwa ya babu yake mzaa baba, ya kizamani, ya Kiingereza, yenye karatasi zake zote. Pete zile saba za fedha, pana, zenye nakshi ya majani, zilikuwa zamani bangili za mama yake, Bi Nasriya. Alitoka nazo Unguja mikononi akiwa msichana, na mamake ndiye aliyemvisha. Yaqdhan alipooa, ilibidi asimame na wanaume wa upande wake katika razha, ile ngoma ya kurusha bunduki juu na kuidaka, mbele ya wakwe. Bi Nasriya akazichukua bangili kwa sonara wa Mutrah, zikayeyushwa, zikarudi zimeikumbatia bunduki. Tangu siku hiyo mikono yake ilikuwa mitupu. Kila Idi, watu wakiisifu bunduki ile, yeye huvuta tu mikono ya gauni lake chini, akatabasamu. Sasa mtu ataanzia wapi kumwambia kuwa fedha yake inaharibu shabaha?

Na shabaha ilikuwa inahitajika. Humam, kaka wa mkewe, mtu wa Qurum mwenye biashara zake, alikuwa anakwenda Kazakhstan mwezi ujao kuwinda kulungu wa milimani, wale wakubwa kama ng'ombe, wenye mapembe yaliyotawanyika kama matawi ya mti. Alishakwenda mara mbili. Safari hii nafasi moja ilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita ya ukwe alimwambia Yaqdhan: twende. Ila alikuwa na sharti. Kila mtu apige risasi tano, mita mia, ndani ya dakika kumi, zote ziingie kwenye duara la ukubwa wa kisosi. Asiyeweza habebi bunduki.

"Si ukali, shemeji," Humam alimweleza siku ile ya kwanza, na mara hiyo hakuwa na mzaha. "Mwaka jana mwenzetu alimpiga mnyama tumboni. Tukamfuata siku mbili kwenye theluji. Hatukumpata. Kafa peke yake huko, hata kuchinjwa hakuchinjwa. Wallahi mpaka leo nnamuota. Sitaki tena."

Yaqdhan akaitikia kwa kichwa. Sharti lilikuwa la haki, na ndiyo maana lilimuuma zaidi.

Mzaha ulikuja baadaye. Ijumaa ya tatu, kwenye chakula cha mchana nyumbani kwa Humam, watu wamezunguka sinia, Humam akapaza sauti: "Jamani, mpisheni mwindaji anawe! Leo umeleta nini, shemeji? Karatasi ya kiume au ya kike?"

Wakacheka. Yaqdhan akacheka nao, akamega wali, akautia mdomoni. Upande wa wanawake, mkewe Ghadeer alikuwa akimlisha mtoto wao Fajr, na kijiko kikasimama njiani.

Walipokuwa garini kurudi Ansab, Fajr kalala nyuma, Ghadeer akasema polepole, "Mwambie mama."

"Nimwambie nini?"

"Wajua nini."

"We unataka nimwambie mama yangu kuwa bangili za mamake hazina kazi?"

"Mie nnataka usiwe unarudi na uso huo kila Ijumaa. Fajr kaanza kuogopa kukusalimia."

Wiki iliyofuata Yaqdhan akaamua kuishinda bunduki kwa ujanja. Alinunua taulo, akawa analilowesha maji ya barafu na kuufunika mtutu baada ya kila risasi. Akangoja. Akajifunza pia kulenga chini: ya pili chini kidogo, ya tatu chini zaidi na kushoto, ya nne chini tena, ya tano chini kabisa, karibu na ukingo wa karatasi. Alifanya hivyo jioni baada ya kazi, akafanya tena, mpaka bega likawa jeusi kwa kupigwa na kitako. Siku ya Alhamisi zikaingia zote tano. Akaruka kama mtoto.

"Dakika thelathini na tano," Hatem alisema, akitazama saa. "Kulungu kashakwenda kwao, kaoa, kazaa."

Furaha ikamtoka Yaqdhan mwili mzima. Akakaa chini kwenye mkeka, bunduki mapajani, akaziangalia pete zile moja moja. Zilikuwa nzuri. Angeweza kuzing'oa kwa meno.

Usiku ule ule alimkuta mama yake jikoni akichambua mchele kwa ajili ya kesho. Akasimama mlangoni. Alikuwa ameyapanga maneno tangu njiani, lakini yakatoka shaghalabaghala: joto, chuma, unywele, kiganja. Bi Nasriya alimsikiliza bila kuinua kichwa. Alipomaliza, mama akaweka ungo chini.

"Pete hazitoki, mwanangu."

"Mama, zitarudishwa. Nikirudi safari nnakwenda mwenyewe kwa sonara."

"Nimesema hazitoki."

"Lakini kwa nini? Au unaona fedha ina thamani kuliko mie?" Alipokwisha kusema tu akajuta.

Bi Nasriya akavuta kigoda, akakaa, na sauti yake ikashuka kama anayeogopa majirani. "Baba yako aliiangusha."

"Aliiangusha nini?"

"Hiyo bunduki. Kwenye harusi ya mdogo wake, we ulikuwa mdogo huna akili. Aliirusha juu, jua likampiga machoni, ikamponyoka. Mbele ya wanaume wote, Yaqdhan. Mbele ya babu yako. Mbao ikapasuka toka hapa mpaka hapa." Akapima urefu kwa mkono, kutoka vidole mpaka kiwiko. "Akaifunga waya, akaificha chini ya kitanda. Hakusimama tena kwenye razha mpaka alipokufa. Ulipooa, ndugu zake wakasema, kijana ashike bunduki ya babu yake. Ningefanyaje? Uingie na waya? Watu wakumbuke? Nikaifunika."

Yaqdhan akajiegemeza mlangoni. Miaka sita ameirusha juu na kuidaka, watu wakisifu. Hakuna aliyemwambia.

"Mbona hukunambia, mama?"

"Ungeweza kuirusha ukijua?"

Hasira za Yaqdhan hazikujua zimwangukie nani. Si mama, si marehemu. Akaingia chumbani akalala chali, macho wazi, na Ghadeer aliyeyasikia yote kupitia ukutani akamwekea mkono kifuani.

Jumatatu asubuhi Bi Nasriya mwenyewe alimwambia, "Ipeleke. Kama lazima utoe, toa. Lakini ukaone kwa macho yako."

Sonara mmoja wa Mutrah alifungua pete tatu, akasimama. Ufa ulikuwa mweusi, umekula mbao mpaka ndani, na kipande cha mbele kilicheza kama jino bovu. "Hii bunduki inashikwa na fedha," alisema. "Nikitoa zote, utaondoka na vipande viwili." Yaqdhan akamwomba azirudishe zile tatu kama zilivyokuwa.

Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Ijumaa aliyoiweka Humam ya kumpima shabaha.

Hatem alipoambiwa hakucheka. Akaingia ndani akatoka na bunduki ya kiwanjani pale, nyeusi tupu, kitako cha plastiki, darubini juu yake. Haikuwa na jani moja la nakshi. Yaqdhan aliipokea kama mtu aliyepewa fagio.

"Hii haina ukoo," Hatem alisema, "lakini haina maneno mengi. Weka msalaba wa darubini unapotaka risasi iende, basi. Itakwenda."

Haikwenda. Ya kwanza ilikaa vizuri, za baadaye zikawa zinashuka. Ya tatu chini, ya nne chini zaidi, ya tano mchangani. Yaqdhan akaitupia macho bunduki kwa uchungu. "Na hii pia mbovu!"

"Hii nzima." Hatem akachuchumaa karibu naye. "Nimekutazama. Kila ukipiga, unashusha. Umezoea kumfidia yule mzee wa mapambo. Huyu hafidiwi. Lenga katikati."

"Nnalenga katikati."

"Hulengi. Unadhani unalenga."

Siku nne alipigana na mkono wake mwenyewe. Ofisini alikuwa akigonga muhuri huku akijiambia kimoyomoyo, katikati, katikati, mpaka mwenzake wa meza ya pili akamuuliza kama anaumwa. Siku ya tatu zikaingia nne. Ya nne, nne tena. Ghadeer alimwambia nne ni nyingi. Alimwambia ukweli, nne ni nyingi, lakini Humam alisema tano.

Ijumaa ya mtihani walikuja wote wanne wa safari, na magari yao makubwa na birika la kahawa. Humam alipoiona bunduki nyeusi akashangaa. "Iko wapi ile ya sherehe?"

"Imepumzika," alisema Yaqdhan. Hakutaka kueleza, na alishukuru kwamba Hatem naye alinyamaza.

Wengine walishafaulu siku zilizopita. Akalala kwenye mkeka peke yake. Jua lilikuwa bado chini, upepo hakuna. Ya kwanza, ndani. Akavuta pumzi. Ya pili, ndani, imegusana na ya kwanza. Alimsikia Humam akisema "Ahaa" kwa sauti ya kuridhika, si ya mzaha. Ya tatu, ndani. Ya nne ilikwenda pembeni kidogo, akaiona mwenyewe kwenye darubini, ukingoni, lakini ndani.

Dakika nne zilikuwa bado zipo. Hakuwa na haraka. Akaushika mtutu kwa kiganja, bila kufikiri, kuona kama umepata moto. Ulikuwa wa moto. Na palepale, kabla akili haijakataza, mkono ukafanya ulichofundishwa jioni zile zote za taulo na barafu. Alijua risasi inakwenda wapi wakati huo huo aliobonyeza.

Hatem alikaa na jicho kwenye darubini yake kubwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nne," alisema mwishowe. "Ya tano iko chini. Kidole kimoja."

Wakaenda kuitazama karatasi. Humam akaweka kidole chake baina ya tundu na duara, kidole kikaenea sawasawa. Akakuna ndevu. Ilionekana wazi kuwa hata yeye hakupenda alichokuwa anataka kusema.

"Shemeji—"

"Nakiona. Usiseme."

"Njoo hivyo hivyo. Utaona milima, utaona theluji. Utatupikia pilau."

Mmoja wa wenziwe akacheka, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha, Humam alimaanisha kwa wema, na kwa Yaqdhan huo wema ulikuwa mgumu kuumeza kuliko ile karatasi ya kiume na ya kike.

"Likizo yangu ofisini haijakubaliwa," alisema, ingawa ilishakubaliwa. "Nendeni salama. Mumchinje vizuri."

Walikunywa kahawa, wakaagana, magari yakaondoka na vumbi lake. Hatem alianza kukusanya maganda ya risasi kwenye ndoo. Alipogeuka alimkuta Yaqdhan amelala tena kwenye mkeka.

"Sasa unafanya nini? Safari si imekwisha?"

"Mkono bado unashuka. Nnataka uache."

"Leo?"

"Leo. Niwekee karatasi."

Hatem akanung'unika kwamba na yeye ana familia, na kwamba Ijumaa watu wanakula mapema. Kisha akaenda, mita mia kwa miguu kwenye jua lililoanza kuwa kali, akabandika karatasi mpya, akarudi akihema. Akainama kwenye darubini yake.

Yaqdhan akapiga.

"Chini," alisema Hatem.

Yaqdhan akatoa ganda, akatia risasi nyingine.