Leseni ya Jirani wa Ng'ambo ya Barabara

Mwanamke niliyemwonea wivu kuliko mtu yeyote hapa Chang'ombe alianza kazi kwangu, akiwa mhudumu wa grosari yangu. Mie ndiye niliyemfundisha kumimina bia isijae povu, na kumtoa mlevi nje huku mlevi mwenyewe anacheka. Baadaye aliacha kazi, akakodi kiwanja ng'ambo ya barabara, akafungua baa yake. Nikawaambia watu kwamba mwezi wa mfungo ujao, wateja wa bia wanapopungua, hautamkuta.

Ulimkuta, na uliofuata pia. Asubuhi alipika supu ya makongoro, na wateja walioamka na uchovu wa bia zangu wakaenda kuutolea kwake. Jioni hawakuona sababu ya kuvuka barabara kurudi. Nilikuwa nakaa mlangoni kwangu nikisikiliza vicheko vya ng'ambo, najaribu kutambua hiki cha nani na kile cha nani. Kila nilichokitambua kiliniuma. Hata moshi wa jiko lake niliona kama unaelekezwa kwangu makusudi.

Kisha utaratibu wa leseni za vileo ukabadilishwa. Zamani ulikwenda kwa ofisa biashara, ukalipa, ukaondoka. Sasa, kabla leseni haijatolewa upya, ilibidi wakazi waulizwe kwenye mkutano wa mtaa: huyu anawafaa au anawasumbua? Wenzangu wenye baa walinung'unika. Mie nilifurahi, kwa sababu nilishajua nitamsema nini.

Mkutano ulifanyika asubuhi, nje ya ofisi ya mtaa. Lilipotajwa ombi lake, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka. Nilisema muziki wake unatunyima usingizi sisi wazee, tena mtaa huu una watu wa ibada. Mie, muuza bia, nilizungumzia ibada bila kupepesa macho.

"Umemaliza, mzee mwenzangu?" akauliza mjane anayekaa nyuma ya grosari yangu. "Basi kaa. Nilipofiwa na mume wangu, nani alizima muziki?"

Nikakaa.

"Huyu binti alizima mpaka tukaanua matanga, na hakuna aliyemwambia. Akaleta viti. Kwa kuwa vina matangazo ya bia mgongoni, akavivisha kanga kimoja kimoja, masheikh wasije wakaegemea bia. Na kwako je?"

"Kwake kulikuwa na mpira kwenye televisheni," mtu akadakia kutoka nyuma. "Goli liliingia katikati ya dua. Wengine tulikaribia kushangilia."

Watu wakacheka. Ilikuwa kweli. Siku ile watani wa jadi walikuwa uwanjani, na baa ya ng'ambo ilikuwa kimya. Nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwarudisha wateja wangu. Waliotumwa kuazima viti niliwaambia vyote vina watu, ilhali vingine vilikuwa vimepangwa stoo.

Ombi lake likapita. Likafuata langu. Mwenyekiti akauliza nani ana neno kuhusu grosari ya mzee. Niliwatazama watu niliowahudumia miaka mingi, kila mmoja akaangalia kwingine. Bila leseni ile ningefunga, na sikuwa na kazi nyingine ninayoijua.

Aliyesimama alikuwa yeye.

"Huyu ni baba yangu wa kazi," alisema. "Haya mnayonisifia nimejifunzia kwake. Mpeni. Kukiwa na msiba atazima mpira, na mie nitavuka kuhakikisha. Si ndiyo, baba?"

"Ndiyo," nikasema.

Wakanipitisha, kisha wakampigia makofi yeye. Ilikuwa leseni yangu, lakini makofi yalikuwa yake. Badala ya kushukuru, nilijiuliza ni lini mtaa huu uliwahi kunipigia mie makofi. Hata wema wake niliuonea wivu. Nilitamani ningekuwa nao, halafu nikamchukia kwa kuwa nao yeye.

Watu walipoanza kutawanyika alinifuata. "Shikamoo baba. Twende kwa mtendaji wa mtaa tukagongewe mihuri pamoja."

"Marahaba. Tangulia, nina shughuli kidogo."

Sikuwa na shughuli yoyote. Nilijibanza kando ya ukuta mpaka nilipomwona ametoka na karatasi yake, ndipo nikaingia peke yangu. Kutembea naye hatua zile chache mbele ya watu kungetosha kuwa shukrani. Nilishindwa, na mpaka leo sijamwambia asante.