Mikono Isiyomenya Ndizi

Siku ya kwanza Nabbosa alipomwajiri Najjuko, walivutana kabla ya mtu kushika kisu. Nabbosa alikuwa mpishi wa sherehe pale Kyotera, mwenye masufuria yake na wanawake wake sita, na siku hiyo alitaka mmenyaji wa ndizi. Najjuko akamwonyesha viganja vilivyopasuka kwa ukurutu.

"Utomvu ukinigusa, wiki nzima silali. Nipe kazi ya kufunga ndizi majanini kabla hazijapikwa."

"Kufunga ni kazi yangu, nnyabo."

"Nifundishe, nami nitachukua nusu ya malipo."

Nabbosa akakubali upesi. Kwa bei hiyo, nani angekataa?

Miezi minne baadaye alijuta. Furushi la Najjuko likifunguliwa mbele ya wakwe, ndizi ilitoka laini, ya manjano, bila tone la maji. Wenye sherehe wakaanza kuuliza, "Yule wa glavu yupo?" Najjuko alivaa glavu za pamba na kuzibadilisha zikilowa jasho. Sabuni ya kunukia hakuigusa. Alioga maji ya uvuguvugu, akajipaka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, na mgongoni alipakwa na mumewe, Ssebunya, uani, watu wakipita. Nabbosa aliwaona mara moja, akasonya. Mume wake yeye hakujua hata kopo la mafuta hukaa wapi. Mtu mgonjwa, na bado anampita mzima!

Ikafika siku binti wa Maama Nantume alipomtambulisha mchumba wake. Maama Nantume akataka furushi la wakwe lifungwe na Najjuko. Kilikuwa kiangazi, na vumbi lilikuwa limemchubua Najjuko hadi vifundo vya mikono. Nabbosa akasema wote wakisikia:

"Mimi simo. Lakini wakwe wakila halafu waanze kujikuna, msiniulize."

Visu vikasimama.

"Hauambukizi," Najjuko akasema. "Nalala na Ssebunya mwaka wa tisa huu. Nendeni mkamkague."

"Tumkague mwili mzima?" mmoja akauliza, wakacheka.

Maama Nantume hakucheka. Alichukua majani mikononi mwa Najjuko, akampa Nabbosa, naye akafunga huku akiimba kichinichini. Najjuko akaenda zake.

Mwezi haujaisha, sherehe tatu zikaita wapishi wengine. Nabbosa akamfuata mwenye sherehe mmojawapo.

"Nasikia wapishi wako wana upele," yule mama akamwambia.

"Alikuwa mmoja, na nimeshamtoa."

"Na aliowagusa je?"

Nabbosa akaenda kupiga magoti mlangoni kwa Najjuko.

"Njoo kanisani Jumapili uwaambie wanawake kwamba hauambukizi."

"Sema wewe. Si ndiwe uliyesema unaambukiza?"

"Nikisema?"

"Nafunga mimi, kwa malipo kamili. Wewe unamenya."

"Tupokezane, basi."

"Hapana, dada."

Jumapili, nje ya kanisa, Nabbosa alisema, tena akaishika mikono ya Najjuko mbele ya Maama Nantume ili aaminiwe. Sherehe zikarudi. Najjuko alipata kiti cha kufungia na malipo yake. Ukurutu haukumwacha, kila kiangazi humpasua. Nabbosa aliokoa masufuria yake. Humenya, kucha nyeusi kwa utomvu, na wakwe wakiuliza nani kafunga furushi, hujibu haraka, "Ni mtu wangu." Wao wameshageuka, wanamtafuta kwa macho yule wa glavu.