Sauti ya Fundi wa Safina

Placidius Kamugisha hajawahi kupanda ndege, achilia mbali chombo cha kwenda angani, lakini kwa miaka mitatu watu wa Nkwenda walimwamini kuliko rubani yeyote. Kila Jumapili saa tisa alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula, alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya televisheni ya banda lake la video, akashika maiki iliyozungushiwa selotepu, akawatafsiria filamu. Wengine wana kahawa, wengine wana duka. Yeye alikuwa na mdomo. Alisoma Kiingereza mpaka kidato cha nne na kilichobaki alikijazia mwenyewe. Hata za Kichina alitafsiri, na Kichina hajui hata salamu, ila hilo watu walimsamehe zamani.

Tamthilia iliyomjengea jina ilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyejisumbua kulishika. Banda zima liliiita Safina. Ilihusu meli kubwa iliyobeba watu kati ya nyota, wakitafuta dunia nyingine baada ya hii yetu kuharibika. Nahodha alikuwa mwanamke, na mumewe, fundi wa mitambo, aliachwa nyuma kwa bahati mbaya ndani ya kijichombo kidogo, peke yake gizani, na redio mbovu. Kila sehemu Fundi aliongea na redio ile, hajui kama yupo anayemsikia. Wale mabwana wa melini wakila uji wao wa kijivu, Placidius aliongeza kwa huruma: "Tazameni, maskini, hata ndizi na maharage hawana!" Banda likaangua kicheko.

Ila Fundi alipofungua mdomo, hakuna aliyecheka. Placidius alimpa Fundi sauti ya shemeji yake.

Shemeji huyo, Mutalemwa, alikuwa mume wa Joanitha, dada yake Placidius, kule Kanoni. Miaka saba iliyopita alivuka kwenda Uganda kutafuta injini ya mashine ya kukoboa kahawa. Alipiga simu mara moja akiwa njiani, akasema mvua inanyesha, simu ikakatika. Basi. Waliulizia polisi, waliulizia hospitali, waliulizia madereva wa malori mpaka madereva wakawa wanawakwepa. Mutalemwa alikuwa na namna yake ya kusema: anakohoa kidogo, anavuta neno la kwanza kana kwamba analipima uzito, halafu anasema kwa kilugha, "Waitu," yaani ndugu yangu, "tusiharakishe." Siku Fundi alipotokea kwenye kioo kwa mara ya kwanza, mchovu, mpole, ana ndevu, sauti ile ilimtoka Placidius yenyewe. Alipogeuka akamwona dada yake benchi la nyuma, kitenge kimefunika mdomo. Alidhani atatukanwa. Jumapili iliyofuata Joanitha alipanda pikipiki kutoka Kanoni akaja tena, na hakukosa hata moja baada ya hapo. Hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Sasa, kwao mtu akipotea na mwili usipatikane, ukoo haumwachi hivi hivi. Hukata mgomba, wakauviringisha shuka, wakauzika kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, mahali pake, na msiba ukakaliwa kama misiba mingine. Katekista hapendi sana, lakini hujitia hamnazo. Bila hivyo mke si mjane wala si mke, na aliyepotea hana pa kupumzika. Yustus, kaka yake Mutalemwa, mtu mwenye haki yake, alikwishamfuata Joanitha mara tatu kuhusu mgomba huo. Mara ya tatu Joanitha alimjibu jibu ambalo ukoo mzima ulilitafuna mwaka mzima.

"Shemeji, nipeni muda. Safina ikiisha, mtazika."

Yustus alimtazama kama mtu aliyepandwa na homa. "Safina ipi?"

"Ya Plasi. Wamesema ni misimu mitano. Sasa tupo wa tatu."

Mcheke mkitaka. Yustus hakucheka. Alikubali, kwa sababu alimpenda mdogo wake na yeye pia hakuwa na haraka ya kuushika huo mgomba.

Msimu wa tatu ulikwisha Fundi akisikika kwenye redio ya meli, neno moja na nusu, na Bibi Nahodha amesimama, mkono hewani. Giza. Banda lilipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Wakamtaka Placidius awaambie msimu wa nne unakuja lini. Jumatatu mchana alikaa mlangoni na simu yake, akatafuta mtandaoni, akasoma polepole akirudiarudia kila mstari. Hakuna msimu wa nne. Wenye tamthilia walikuwa wameifuta. Alisoma mara ya pili akitumaini Kiingereza chake ndicho kibovu, ila safari hii alikuwa ameelewa kila neno.

Roho ilimuuma kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu yeyote aliyeipenda Safina. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: ikijulikana kwamba imeisha, kesho yake Yustus atanoa panga aende kuchagua mgomba.

Basi akafanya alichokifanya, na wala sitamtetea. Alichukua vipande vya misimu iliyopita, akavichanganya, akazima sauti ya Kizungu kabisa, akatangaza kwamba msimu wa nne umefika. Jumapili nne watu walitazama picha kuukuu zenye maneno mapya. Celestin, kibarua wa mashamba ya kahawa, mwenye jicho la kunguru, aliuliza kwa sauti, "Dijei, mbona ndevu za Fundi leo fupi, na wiki jana zilikuwa zinafika kifuani?" Placidius akajibu kwenye maiki kwamba angani kuna wembe. Watu wakacheka, ikapita.

Jumapili ya tano alimwona Joanitha amekonda. Akamhurumia. Na huruma ikishika maiki, basi tena. Fundi alikuwa ametulia kwenye kioo anatazama dirishani, picha ya mwaka juzi, na Placidius akakohoa kidogo, akavuta neno la kwanza, akasema: "Waitu, mama wa nyumba hii, usichoke kunisubiri. Nitafika kabla kahawa haijaiva."

Angani hakuna kahawa. Joanitha aliinuka, akatoka kabla picha haijaisha, na Placidius akajiona fundi hasa.

Siku tatu baadaye Yustus alimjia bandani mchana, hakuketi. "Shikamoo," Placidius alisema. Yustus hakuitikia.

"Mkeo nyumbani anakula vizuri?" aliuliza. "Maana dada yako hali. Amefua mashati yote ya Mutalemwa. Ameita mtu abadilishe bati linalovuja juu ya kitanda. Ameniambia nisitie panga langu kwenye mgomba wowote, mumewe anafika kabla ya mavuno. Nimemuuliza nani kasema. Kaniambia ni wewe."

"Mimi nilikuwa natafsiri tu, kaka."

"Ulikuwa unatafsiri nini?"

Placidius akafunga mlango wa banda. Wakapanda pikipiki moja mpaka Kanoni, wanaume wawili nyuma ya dereva. Walimkuta Joanitha uani, mashati kwenye kamba, saba, yamenyooka. Aliziona sura zao, akakaa kwenye kigoda.

"Dada," Placidius alisema, "Safina imekwisha. Imekwisha tangu msimu wa tatu. Hizi za juzi nimeziokoteza mwenyewe."

"Imeishaje na Fundi hajafika?"

"Wameifuta."

"Ilikuwa mbaya?"

"Haikuwa mbaya. Ilipendwa. Watu dunia nzima wameandika barua kuomba iendelee." Akajitahidi kumweleza kama alivyosoma. Kwamba meli ile ni ya mbao na vyuma, imejengwa ndani ya ghala kubwa kuliko soko la Nkwenda, na ghala linalipiwa hata siku ambazo hawapigi picha. Kwamba nyota zile huchorwa na kompyuta, mamia ya watu wakikesha miezi kadhaa kwa dakika chache tu. Kwamba waigizaji, kila msimu ukiongezeka, mkataba unawaongezea mshahara, kwa hiyo tamthilia inavyozidi kupendwa ndivyo inavyozidi kuwa ghali. "Ya watu wanaokaa sebuleni wakigombana haiwagharimu hivyo. Hii ya angani ni ghali, na wenye kampuni wanatazama kitu kimoja: wangapi wapya wamejiunga kulipa kwa ajili yake. Wa zamani wanaoipenda hawaongezi kitu, wameshakuwemo."

"Na mimi?" Joanitha aliuliza. "Mimi walinihesabu?"

Placidius alitazama chini. "Hapana, dada. Sisi tunatazama ya flashi, iliyonakiliwa bila kulipa. Banda zima hatumo."

"Miaka mitatu sikukosa Jumapili."

"Hawajui kama upo."

Joanitha aliitikia kwa kichwa, polepole, mtu anayepokea hesabu ya kitu kilichokwisha kuliwa. Kisha akauliza swali ambalo Placidius alikuwa amelikimbia njia nzima.

"Yale maneno ya kahawa. Ulipata habari?"

"Habari gani?"

"Nilidhani umepata habari kutoka ng'ambo." Sauti yake ilianza kukatika. "Nilijua Fundi ni Mzungu analipwa, mimi si mwehu. Lakini kwetu habari nzito mtu haambiwi usoni. Inapitishwa pembeni, aizoee kwanza. Nikasema, Plasi amesikia kitu, anaogopa kuniambia, ananipitishia kwa mdomo wa Fundi. Nikasema, mdogo wangu hawezi kuichukua sauti ya mume wangu akasema nayo uongo."

Hapo Placidius alilia, mbele ya Yustus, mbele ya dereva wa pikipiki aliyekuwa anangoja nauli yake. Alilia kwa sababu hakuwa na la kujitetea. Aliona mashati yale, aliona bati jipya linavyong'aa, akajua kwamba miaka saba dada yake alikuwa anaumia, lakini alikuwa hajawahi kudanganywa mpaka alipodanganywa na yeye.

"Kwa hiyo hata walioitunga hawajui kama Fundi alifika," Joanitha alisema.

"Labda mtunzi anajua moyoni. Hawakumpa nafasi ya kusema."

Joanitha alinyanyuka, akaanua mashati moja moja, akayakunja. Akamgeukia Yustus. "Shemeji, kata."

Walizika Jumamosi. Mgomba ulikuwa mnene, umeviringishwa shuka jeupe, na ndani ya shuka Joanitha alitia shati moja tu. Mengine aliwapa watu. Ukoo ulijaa kibanjani, Celestin na wenzake wa bandani walikuja pia, wamesimama mbali kidogo, hawajui kama wana haki ya kuwepo. Yustus alitaja jina la mdogo wake na majina ya baba zake. Waliposhika majembe kufukia, Joanitha akainua mkono.

"Ngojeni. Hakuniaga." Akamtazama Placidius. "Mwache aniage."

Wazee walitazamana. Placidius alitikisa kichwa, akasema dada usinifanyie hivi, lakini Joanitha hakuondoa macho. Basi akasogea ukingoni mwa kaburi. Hakuwa na maiki wala picha ya kutazama. Akakohoa kidogo, akavuta neno la kwanza.

"Waitu, mama wa nyumba hii. Mimi sirudi. Njia ilinishinda. Usiniwekee chakula tena, na mlango ufunge jioni kama watu wengine. Nilitaka kufika. Hilo lijue. Nilitaka kufika."

Ilikuwa sauti ya Mutalemwa kabisa. Yustus aliangusha jembe. Na Joanitha, ambaye kwa miaka saba alikataa kulia ili asimlilie mtu aliye hai, alipiga magoti kwenye udongo uliochimbwa akalia kwa nguvu zote, wanawake wakamshika mabega.

Alipopata pumzi aliinua uso. "Sema tena," alimwambia mdogo wake. "Mara moja tu. Sema tena."

Placidius alifungua mdomo. Akakohoa, akavuta neno, akajaribu, akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa sauti yake mwenyewe, na ile nyingine hakuipata tena.