Samli ya Mama Kornelia kwenye Mkanda wa Feni

Mume wangu Yoakimu anajua magari. Nasema mapema, kwa sababu watu wa hapa Tlawi wakisimulia ile safari ya Masakta wanamfanya aonekane mjinga, na mjinga hakuwa yeye. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha Landrova yake aliyoinunua mnadani, alifungua boneti, akaubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, akaupindua kutazama upande wa ndani. Ukiwa na nyufa, au umeanza kung'aa, au unapiga kelele gari likiwashwa kwenye baridi, muda wake umekwisha. Maji ya rejeta nayo aliyatazama rangi. Yakiwa ya kijani, salama. Yakiwa kama chai ya rangi, yamwagwe, iwekwe kulanti mpya, ile dawa ya kupoza injini. Mwaka ule tulipotolewa Arusha tukawa mkoa wa Manyara, mkanda ulikuwa unalia kama ndama na maji yalikuwa chai kabisa. Alikwishanunua mkanda mpya na galoni ya kulanti, akaviweka chini ya kiti.

Sasa mbona hakubadilisha? Muulizeni mama yangu.

Mama yangu Kornelia, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa hasemeshani na mkwe wake. Si ugomvi, ni heshima. Wengine siku hizi wanakaa na wakwe zao wanacheka, lakini mama, thubutu! Akiwa na neno kwa Yoakimu alilipitisha kwangu, hata kama mwenyewe amesimama hapohapo na masikio yake mawili. Na neno la mama mkwe halibishiwi. Basi asubuhi moja aliposikia mkanda unalia, akaniambia, "Mwambie mumeo huo mkanda umekauka. Aupake samli."

"Mama, huu si wa ngozi."

"Nani amekuuliza ni wa nini? Kamba zangu za kufungia ng'ombe wakati wa kukamua nazipaka samli tangu sijaolewa, na haijakatika hata moja. Mpe kibuyu hicho."

Nikamtazama Yoakimu. Yeye akatazama paa la zizi. "Mwambie mama ahsante," akasema.

Akapaka! Mwanaume anayejua yote niliyoyataja hapo juu akapaka samli kwenye mkanda wa feni, mama akimwelekeza kupitia kwangu aongeze na huko ndani. Na mkanda ukanyamaza, jamani! Mama akazunguka Tlawi nzima akitangaza kwamba amelitibu gari. Baada ya hapo, kuubadilisha ilikuwa sawa na kumwita mama mkwe mwongo. Nilimwambia abadilishe mama akiwa kanisani. Akasema, "Na akiuliza?" Nikamwacha na woga wake.

Haikupita wiki, ikaja habari kutoka Masakta. Mama mdogo Monica, mdogo wake mama, alikuwa na hali mbaya, anamtaja dada yake tu. Hawakuwa wameonana tangu magoti ya mama yaanze kumsumbua. Mama alisimama katikati ya ua, khanga moja begani na nyingine mkononi. "Mwambie mumeo tuondoke sasa hivi. Nikimkuta amefumba macho sitajisamehe."

Tukaondoka, Yoakimu kwenye usukani, mama mlangoni, mimi katikati kama ukuta. Dongobesh tukaipita vizuri. Tulipoanza kupanda kilima cha mbele yake, mama akanusa.

"Muulize mumeo, ni nani anakaanga?"

"Mwambie mama ni harufu ya nyumba za watu."

Nyumba gani? Pale palikuwa na mbuzi tu. Mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka kwenye boneti, Yoakimu akazima injini, akaegesha pembeni. Alipofungua, mkanda ulikuwepo mzima, unameremeta. Akaizungusha feni kwa mkono. Feni ikazunguka, mkanda ukabaki umetulia, unateleza tu. Ndiyo maana pampu ya maji, inayozungushwa na mkanda huohuo, ilikuwa imelala.

"Badilisha," nikamnong'oneza.

"Si anatutazama?"

"Mama mdogo anakufa, Yoakimu!"

"Basi nenda kamwambie wewe kwamba samli yake ndiyo imetuangusha."

Sikwenda. Nilikuwa na hasira naye, lakini mama yangu namwogopa kuliko yeye anavyomwogopa. Tukasimama tumeinamia injini, tunajifanya tunafikiri.

Mlango ukafunguliwa. Mama akashuka na magoti yake yale, akaja mpaka mbele ya gari, akagusa mkanda, akanusa kidole.

"Mwambie mumeo..." akaanza. Akaniacha, akamgeukia mwenyewe. "Yoakimu. Ni samli yangu?"

Spana ikamdondoka Yoakimu. Akanitazama nimpitishie jibu. Nikageuka pembeni.

"Ndiyo, mama."

"Na dawa yake unaijua?"

"Iko chini ya kiti, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya samli."

"Mungu wangu! Sasa unangoja nini? Mdogo wangu ananisubiri!" Akampa khanga yake moja. "Futa mafuta hayo."

Yoakimu akafuta puli zote mkanda unapopita, akalegeza alternata ili ule wa zamani utoke, akavisha mkanda mpya, akaukaza. Rejeta ilipopoa akamwaga ile chai, akasuuza kwa maji niliyochota kijitoni chini ya kilima, akajaza kulanti. Mama amemsimamia: hiki cha nini, na hiki? Naye anajibu, jasho linamtoka, na si la kazi. Kutoka hapo hadi Masakta walisemeshana juu ya kichwa changu, wala hakuna aliyenihitaji. Niliona wivu kidogo, sitaficha.

Tulimkuta mama mdogo Monica bado yupo, amekonda, amebaki macho. Mama akapanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia, wakalia, nikalia na mimi. Baadaye mgonjwa akamwona mwanaume mlangoni, mikono myeusi, anaogopa kuingia.

"Yule aliyekuleta ni nani?"

Nikafungua mdomo, maana kuwajibia ndiyo kazi yangu. Mama akaniwahi.

"Ni mwanangu," akasema. "Ingia, baba, umsalimie mama yako."

Yoakimu akaingia, akainama kando ya kitanda. Akaanza shikamoo, akalia kabla hajaimaliza.