Upande wa Ekai

Aibu hii sikutaka kuisimulia, lakini kwa vile nusu ya Lodwar wanaisimulia vibaya, acheni niiseme mwenyewe. Ilikuwa 2012, habari za mafuta kugunduliwa kwetu Turkana bado mbichi, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya madereva wa kampuni moja ya kandarasi kule Lokichar, nilibakiza kuitwa tu.

Basi vijana wa kanisa wakaandaa mdahalo: mafuta yatatufaidi Waturkana au la? Mimi nikapewa kuunga mkono, Ekai rafiki yangu (dereva kama mimi, na bila kazi kama mimi) akapewa kupinga. Asubuhi akanijia. "Brathe, mimi sina pointi ya kupinga. Tubadilishane, wewe mdomo yako ni kali." Nikakubali, sifa zitaniua mimi, maana mdahalo si unatetea upande uliopewa? Hata ukipewa fisi, unamtetea!

Na nilitetea, jamani. Nikasema malisho yatazungushiwa seng'enge, mbuzi watakunywa uchafu, kazi zitachukuliwa na watu wa mbali, ukumbi mzima ukasimama, akina mama vigelegele, mzee mmoja akanishika mkono: "Kijana, kesho unatuongoza Lokichar, tufunge barabara!" Hapo ndipo nikamwona, mstari wa mbele, yule afisa wa kampuni aliyepokea barua yangu ya kuomba kazi, karatasi magotini, anakata kitu kwa kalamu.

Nikarukia kipaza sauti. "Huu ni mdahalo tu! Mimi mwenyewe nayataka hayo mafuta!"

Wale wale walionishangilia wakanizomea. "Amehongwa huyo!" Mzee akauachia mkono wangu, akafuta wake kwenye shuka (mbele ya watu wote!). Afisa akatoka bila hata kuniangalia.

Majaji walikuwa wameshanipa ushindi, zawadi kamusi. Nikatafuta humo neno mdahalo: majadiliano ya hoja mbele ya watu, basi, wameishia hapo! Hakuna palipoandikwa kwamba msemaji anaweza kuwa haamini anachosema, sasa watu watajuaje? Niliifunga kwa hasira, na sijaifungua tena.

Wiki iliyofuata akaitwa Ekai. Mpaka leo akinikuta njiani na gari la kampuni anapiga honi na kunisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mpinzani! Nikubebe?" Na mimi, kwa lile jua, naingia. Lakini mkiniita tena kwenye mdahalo, kwanza nitauliza nani amekaa mstari wa mbele, na upande wangu simpi mtu, hata akilia.