Kabati Lisilo na Mgongo

Fundi seremala alikuwa na wivu tangu ujana wake, na hakuwahi kuuficha. Alimwonea wivu mwuza maziwa kwa kumsalimia mkewe mara mbili asubuhi moja. Akamwonea wivu daktari wa meno, eti kwa nini amwambie mwanamke afumbue kinywa namna ile. Mkewe alikuwa akicheka tu, maisha yanaendelea. Lakini wivu wenyewe, ule wa kumnyima mtu hamu ya kula, ulimpata akiwa na miaka sitini na miwili, na uliingia nyumbani kwake umebebwa ndani ya kikapu.

Kisa ni panya. Walikuwa wamewazidi nguvu pale jikoni. Walikula mkate, wakala sabuni, wakatoboa mfuko wa unga, na siku moja mmoja wao akapita juu ya mguu wa mkewe, mama watoto, alipokuwa anamenya vitunguu, tena bila haraka. Mama hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, akavuka ujia wa ghorofa yao, akabisha mlango wa jirani, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe miaka mitatu nyuma. Dakika tano baadaye Mwalimu alikuwa jikoni na kikapu chake.

"Shemeji, huyu anaitwa Karani," alisema, akamtoa paka wa kijivu. "Hana maneno mengi, ila kazi yake anaijua."

Shemeji. Fundi alikuwa sebuleni anavua viatu, na neno hilo likamwacha na kiatu kimoja mkononi. Udugu wake na huyu bwana ulianza lini? Na mtu mzima mwenye mvi zake anapiga pasi shati la kushinda nyumbani ili aonwe na nani?

Tangu siku hiyo nyumba ikawa haina habari nyingine. Fundi akirudi kutoka karakana, masikio yamejaa unga wa mbao, anapokelewa na Karani. Karani leo kakamata wawili. Karani kakaa dirishani anawatukana ndege. Mwalimu kapita kumtazama, kasema paka akikunja mkia hivi maana yake ameridhika. Na mkewe akisimulia anacheka mpaka anafuta machozi. Fundi alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho yeye alimchekesha hivyo, akakosa. Roho ilimuuma, tusidanganyane, ilimuuma vibaya sana.

Ndipo akapiga hesabu zake. Paka akishindwa kazi, na mwenye paka kashindwa, na safari za kuvuka ujia zitakwisha. Kila asubuhi, mkewe akiwa barazani anaanika nguo, Fundi alifungua karatasi ya vichwa vya samaki chini ya meza. "Kula, Karani," alimnong'oneza. "Kula upasuke."

Karani hakuhitaji kubembelezwa. Wiki ya pili haijaisha, tumbo lilikuwa limelegea kama mto wa kochi, na panya wanapita mbele ya pua yake yeye kafumba jicho moja. Fundi akavaa uso wa huzuni. "Paka wa siku hizi ni jina tu," alisema. "Mrudishie mwenyewe."

"Labda anaumwa," mkewe akajibu. "Ngoja nimwite Mwalimu aje amwone."

Mwalimu alikuja. Akaja na kesho yake, na kesho kutwa. Alikaa kwenye kiti cha Fundi, akanywa chai kwenye kikombe cha Fundi, akaambiwa mambo ambayo Fundi hakuwahi kuambiwa, kwa sababu, loo, hakuwahi kuuliza.

Siku ya tatu Fundi alifunga karakana mapema ili awafume. Akawafuma kweli. Mwalimu alikuwa amepiga magoti jikoni, kichwa kiko ndani ya kabati la vyombo, na mama watoto anammulikia kwa tochi.

"Aa, Fundi, karibu," Mwalimu alisema kutoka humo ndani. Fundi anakaribishwa nyumbani kwake. "Paka hana kosa. Kabati lako halina mgongo, na ukutani nyuma yake kuna tundu la kupitisha ngumi. Wanakula hapa, wanarudi kwao." Akatoa kichwa, akajipangusa magoti. "Ningekutafutia seremala, lakini si ndiye wewe?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililozidi kuuma. Mama alizima tochi akatazama sakafu. Kabati lile Fundi alilitengeneza mwaka aliozaliwa kitinda mimba wao, akaahidi kulipigilia ubao wa nyuma wiki inayofuata. Kitinda mimba sasa ana watoto wake. Na nusu ya mtaa mzima wana makabati ya Fundi yenye migongo.

Aliacha kazi za watu siku mbili. Tundu alilisokomeza waya wa kusugulia sufuria, ambao panya hawautafuni, akaliziba kwa saruji. Kabati akalipa mgongo, bawaba mpya, akalipiga msasa na vanishi mpaka likang'aa. Wiki nzima akawa anainama na tochi kutafuta mavi ya panya. Hakuna hata punje. Basi akamtia Karani kikapuni, akavuka ujia, akamkabidhi Mwalimu. "Asante, jirani. Kazi imekwisha." Akarudi amebinua kifua.

Mkewe alikuwa amekaa jikoni mbele ya kabati jipya. Vyombo bado vilikuwa mezani.

"Karani yuko wapi?"

"Nimemrudisha. Panya wameisha."

"Sawa. Kabati limependeza."

"Sasa mbona umenuna? Utamkosa Mwalimu?"

"Baba watoto, ulidhani ni Mwalimu? Mwalimu alikuwa anakuja kumwona paka wake. Mimi nikiingia hapa jikoni, Karani anainua kichwa. Nikimwambia jambo, ananitazama mpaka nimalize. Tangu watoto waondoke nashinda humu kutwa, na wewe ukirudi unakula, unauliza redio iko wapi. Nilikuwa nimepata mtu wa kuzungumza naye."

"Paka si mtu."

"Najua," alisema.

Mshindani wake angekuwa Mwalimu, Fundi angejua la kufanya. Angefoka, angekataza, angenuna mwezi mzima. Lakini ameshindwa na paka, tena paka mvivu aliyenenepeshwa na yeye mwenyewe, na kumshinda paka huyo kulihitaji kuinua kichwa tu mtu akiingia.

Alivuka tena ujia, akabisha.

"Vipi, panya wamerudi?" Mwalimu aliuliza.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, kusema ndiyo tu na heshima yake ibaki. "Hapana," alisema Fundi. "Mke wangu yuko peke yake."

Mwalimu alikwenda akaleta kikapu. "Mchukue akae huko huko. Ila huyu naye, kuanzia saa sita mchana analala. Mpaka saa kumi huwezi kumwamsha."

"Saa hizo nitakuwa narudi nyumbani mimi," Fundi alisema, akapokea kikapu.