Shimo Nililochimba Jirani na Kina Adhiambo

Jamani, aibu hii ningeweza kuificha ningeificha, lakini mtaa mzima wa Mamboleo unaijua, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale wanaoiongeza chumvi (ingawa sijui wanaongeza nini, maana yenyewe ilishakolea).

Kazi yangu ni kutangulia barabara mpya zinazojengwa. Kabla tingatinga hazijaingia, sisi tunapita tukichimba mashimo huku na kule, tuone kama chini kuna vigae vya vyungu au mifupa ya watu wa kale. Siku hiyo tulikuwa nje kidogo ya Mamboleo, kwenye mahindi ya watu, na mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Mimi nilikuwa nimevaa suruali mpya, ile ya Jumamosi, siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Adhiambo, fundi wa cherehani pale Migosi (jioni hiyo alitaka kuona kama inahitaji kupunguzwa). Nikaitazama suruali, nikautazama ule udongo mweusi unaonata, nikaona mahindi yamenificha vizuri, basi nikaivua, nikaitundika, nikaingia shimoni na chupi.

Sasa nachimba, shimo limefika kifuani, mara ukuta mmoja ukaporomoka ukanifukia hadi mapajani, nikivuta mguu huu ule unazama, na wenzangu wako mbali, nikapiga mayowe bila haya, na waliokuja ni kina mama waliokuwa wakipalilia maharagwe shamba la pili.

Mmoja wao, mama mnene mwenye mikono ya nguvu, akapiga magoti ukingoni. "Shika mimi shingo," akaniambia. "Wacha kuona haya, mimi ni kama mama yako." Nikamkumbatia, wenzake wakamvuta kiunoni, nikatoka. Chupi ilibaki chini.

Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini shukrani zilinizidi, nikaanza kujieleza huku nimejiziba na majani ya mahindi. "Asante sana, mama. Mimi naitwa Ochieng'. Hata Jumamosi nakuja huku huku kuona wazazi wa msichana wangu, Adhiambo, yule wa cherehani Migosi."

Yule mama akageuka akanipa mgongo. Mwenzake ndiye aliyesema, polepole, "Ochieng', huyu ndiye mama yake."

Kwetu Wajaluo, mama mkwe hata kumkaribia sana ni makosa, mnasalimiana kwa mbali, mnaheshimiana. Mimi nilikuwa nimemkumbatia shingo, uchi wa mnyama, mbele ya mashahidi. Nilitamani wanirudishe shimoni wafukie.

Jioni Adhiambo akapiga simu. "Mama hajakasirika," akasema. "Anasema tu hawezi kukuangalia tena. Jumamosi usikuje." Nikamuuliza tungoje mpaka lini. "Mpaka asahau," akasema, lakini nani atasahau kitu kama kile?

Jumamosi hiyo ilipita, na nyingine zimepita. Shimo lenyewe halikuwa na kigae hata kimoja. Nimeapa kwamba popote nitakapopelekwa, kabla sijashika jembe nitauliza mashamba ya pale ni ya nani, na binti zao wamechumbiwa na nani. Wenzangu hucheka wakinisikia nikiuliza. Mimi sicheki, maana bado nampenda Adhiambo, na simu zangu hapokei tena.